Plastiki ya chambo imetuama chupani

SWALI: Ndugu Mhariri, natengeneza chambo bandia laini cha kuvulia kolekole. Plastiki ya maji niliyoitia rangi ya waridi mwezi uliopita imefanya tope zito chini ya chupa. Je, imeharibika? (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Ndugu msomaji, haijaharibika. Plastiki hiyo, iitwayo plastisoli, ni unga laini wa plastiki aina ya PVC uliochanganywa na kimiminika cha kulainishia, na kwa kuwa unga huo haukuyeyuka bali unaelea tu, hutuama kila chupa inapokaa. Ikoroge taratibu, usiingize hewa, kwa kijiti kinachofika hadi pembe za chini, mpaka kijiti kitoke bila ya bonge. Ukiipasha moto itashikana kwanza kama uji, nawe usiiepue. Endelea kukoroga hadi karibu nyuzi 175 za Selsiasi, itakapolegea tena na kung'aa. Moto ukizidi, rangi hugeuka kahawia na hutoka moshi wenye asidi, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike uani penye upepo, wala si jikoni kwa mama. Chupa ifungwe barabara na ikae kivulini, kwani tone moja la maji likiingia, siku ya kuipasha moto plastiki hukurukia usoni. Chambo chekundu nacho usikichanganye na cheupe, rangi huhama.