Kulungu wa Septemba: ujue anakula nini wiki hii

Hapa Kentucky, Marekani, msimu wa kuwinda kulungu mkia mweupe kwa upinde hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Jua bado linachoma, mahindi yamesimama shambani, na miti ina majani tele. Wawindaji wengi huyapuuza majuma haya wakingoja Novemba, wakati madume wanapowafukuza majike. Mimi nayapenda kuliko yote, maana mwezi wa tisa kulungu ana mazoea: mchana amejilaza msituni, jioni anatoka kwenda kula. Ukijua anakula nini wiki hii, umeshajua atapita wapi.

Nasema wiki hii kwa sababu chakula chake hubadilika haraka. Msimu ukianza, anachopenda ni majani mabichi ya soya. Tembea pembezoni mwa shamba uiname uangalie mashina. Kulungu hana meno ya mbele kwenye taya la juu, kwa hiyo hakati jani, hulinyofoa, na ncha ya shina hubaki imechanika. Ukikuta shina limekatwa sawasawa kama kwa kisu, huyo ni sungura, usipoteze jioni yako hapo. Lakini soya ikishaanza kuwa ya manjano, kulungu huiacha, wakati mwingine ndani ya siku chache tu. Basi tafuta soya iliyopandwa kwa kuchelewa. Wakulima wengi wa magharibi mwa jimbo huvuna ngano mwezi wa sita na kupanda soya papo hapo. Shamba la namna hiyo hubaki kijani wakati majirani zake yameshakauka, na kulungu wa eneo zima huelekea huko.

Halafu inakuja miti ya mwaloni, na hapo ndipo watu hupotezwa. Mwaloni mweupe, ule wenye majani ya ncha za mviringo, huanza kudondosha matunda mwezi huohuo wa tisa. Hayana uchungu mwingi kama ya mwaloni mwekundu, na kulungu akiyapata, shamba anaweza kulisahau hadi giza liingie. Utamsikia mtu akisema kulungu wamehama. Hawajahama, wako mita mia moja nyuma yake, msituni, wanaokota. Chukua darubini mwezi wa nane uangalie vilele vya miti, ujue ipi imezaa, kwa kuwa si kila mwaloni huzaa kila mwaka. Matunda yakianguka, angalia chini: vikombe vitupu vya matunda hayo, maganda yaliyopasuka, majani yaliyofukuliwa na mavi mabichi yanayong'aa. Mti wenye hayo yote ndio wa kukaa karibu nao.

Mahindi yaache kwanza. Kulungu anaweza kushinda humo kutwa nzima usimwone. Subiri mashine ya kuvuna ipite.

Usiweke dungu lako ukingoni kabisa mwa shamba. Dume mzee hufika karibu na shamba jua likiwa bado lipo, lakini husimama ndani ya miti, akinusa na kusikiliza hadi kiza kianze. Ingia msituni kiasi, pale njia mbili zinapokutana, umngojee humo. Ukipanda mtini kwenye dungu, jifunge mkanda wa usalama tangu mguu unapoacha ardhi, usisubiri ufike juu.

Upepo ndio utakaoamua kama utamwona. Utabiri wa kwenye simu hautoshi. Jioni hewa ikipoa huteremka mtelemko na kujaa mabondeni, hata kama utabiri unasema upepo unavuma kinyume. Wawindaji wa huku hubeba mbegu zenye sufi za magugu ya porini, wakaziachia moja moja na kuzitazama zinakokwenda. Ni njia nzuri kuliko unga wa kupimia upepo, maana unaona hewa inavyopinda mbali na wewe. Zikielekea kule anakolala, shuka uende nyumbani. Ukimtia wasiwasi mara moja Septemba, anaweza kugeuka wa kutembea usiku tu. Ndiyo maana asubuhi siendi kabisa mwezi huu: alfajiri kulungu bado wako shambani, na ukipita gizani unawatimua wote.

Kuondoka nako kuna shida yake. Giza limeingia, shamba limejaa kulungu, nawe uko juu ya mti. Ukishuka wakakuona, mahali hapo pameharibika. Mwombe mwenye shamba apite na gari lake au trekta. Kulungu wamezoea magari ya shambani, watajisogeza pembeni na hawatakuhusisha nalo.

Kuhusu huyo mwenye shamba: nenda kumwona kiangazi, mchana, ukiwa na nguo za kawaida. Msalimie vizuri, jitambulishe, sema unafanya kazi wapi na unaishi wapi. Kulungu humlia mazao yake, kwa hiyo wengi hufurahi ukisema uko tayari kupunguza majike. Ukipata nyama, mpelekee sehemu yake. Adabu tuliyolelewa nayo inafungua milango huku pia.

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki hatukukulia uwindaji. Kenya uliharamishwa tangu 1977. Kwa hiyo sheria za hapa zisome mapema. Aliyezaliwa kuanzia 1 Januari 1975 lazima awe amepita kozi ya usalama ya wawindaji. Leseni ni moja na kibali cha kulungu ni kingine. Ukimpata mnyama, unatoa taarifa kwa idara ya wanyamapori kabla ya saa sita usiku wa siku hiyohiyo.

Piga akiwa amekupa ubavu, na kwa umbali uliouzoea kwenye mazoezi tu. Sisi Waislamu, bismillahi ni wakati wa kuachia mshale. Kisha kaa kimya nusu saa. Damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu, mfuate. Ukiona majimaji ya kijani yenye harufu, umepiga tumbo, mwache saa nyingi, ukimfukuza atakwenda mbali na utampoteza. Ukimpata, mtoe matumbo papo hapo na umjaze mifuko ya barafu. Joto la Septemba huozesha nyama haraka, kwa hiyo barafu iwe garini kabla hujaondoka nyumbani.

Na kupe. Wapo wengi, na yule mwenye doa jeupe mgongoni anaweza kukusababishia mzio wa nyama nyekundu. Nyunyizia nguo permethrin, dawa ya kuua wadudu, siku moja kabla, ziache zikauke, ingiza suruali ndani ya soksi, na ukirudi jikague mwili mzima kabla ya kuingia kitandani.