Noti zinapinda kwenye Seaboard: anzia hapa

Pole ndugu, lakini Seaboard yako, kinanda hicho cha kielektroniki, haijaharibika. Umesema umetoka kwenye piano, na sasa kila noti inatoka imepinda kidogo. Ni kawaida kabisa. Juu ya uso ule laini wa silikoni, kidole kikiyumba kidogo tu sauti inayumba nacho.

Kabla hujalaumu vidole, kagua mipangilio. Kinanda hiki hutumia MPE, mtindo wa MIDI (lugha ambayo vyombo vya muziki vya kielektroniki huwasiliana nayo): kila noti hupita kwenye chaneli yake ya MIDI, ndiyo maana unaweza kupinda noti moja ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) huku nyingine zimetulia (utamu wake wote uko hapo!). Washa MPE kwenye programu ya sauti pia, na upeo wa kupinda ulingane pande zote mbili, kwa kawaida nusu-toni 48. Ikiwa kinanda kiko 48 na programu iko 2, utateleza toka noti hii hadi ile na hutafika.

Kisha punguza mwitikio wa kuteleza (jinsi sauti inavyofuata kidole kikisogea kando), chagua sauti moja, tuseme ya fidla, ushikilie noti moja. Bonyeza, tikisa kidole taratibu, sikiliza. Mimi nilikaa na noti moja jioni nzima ndipo mkono ukafunguka. Kodi ziache kwanza.