Kuvusha nyaya juu ya yadi ya malori

SWALI

Mhandisi, nakusalimu. Tuna kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya nazi nje kidogo ya mji wa Malindi, na ng'ambo ya yadi tumejenga ghala la mbata, lililoezekwa kwa makuti, ambamo tutaweka mashine ya kukaushia. Kati ya majengo hayo pana mita 18, na malori ya nazi hupita hapo kila siku. Kwa kuwa ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe, fundi anapendekeza tusichimbe mtaro, bali tuunganishe mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya na kuyavusha hewani kutoka ukuta hadi ukuta. Nyaya za kamera nazo zipite humo humo. Je, mpango huu utadumu?

Msomaji, Malindi

JIBU

Ndugu msomaji, hautadumu. Kazi ya bomba ni kukinga nyaya. Uzito wake lenyewe, pamoja na wa nyaya zilizomo, lazima ubebwe na kitu kingine. Mwongozo unaoandamana na BS 7671, kanuni za Uingereza za kufunga nyaya za umeme, unaruhusu bomba zito la chuma, lenye kipenyo kisichopungua milimita 20 na lisilo na kiungo hewani, livuke mita 3 tu bila egemeo. Ninyi mnazo 18, tena za plastiki, ambayo hulainika jua linapoikolea.

Plastiki hiyo pia hurefuka kwa takriban milimita 0.06 katika kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Bomba lililokuwa na nyuzi 25 alfajiri likifika 55 adhuhuri, basi katika mita 18 litakuwa limeongezeka zaidi ya sentimita 3, na usiku litazirudisha. Ncha zote mbili zikiwa zimekazwa ukutani, urefu huo wa ziada hauna pa kwenda isipokuwa kulipinda bomba au kung'oa viungo vya gundi. Chuma hurefuka kwa kiasi cha moja ya tano ya hapo, lakini kwa hewa yetu ya chumvi kutu huanzia kwenye hesi za viungo, pale ambapo zinki inayokikinga chuma imekatwa, na maji yakishaingia hapo hutuama ndani bila mtu kuyaona.

Wazee wa Lamu walipotaka kuvuka kichochoro kwa juu walijenga wikio, chumba kinachokaa juu ya kuta mbili kwa nguvu ya boriti zake. Nanyi mngeweza kujenga daraja jembamba la chuma lenye trei ya kebo, na ningelipendekeza kama mngetarajia kuongeza mashine nyingi. Kwa ghala moja, naona gharama hiyo haina sababu.

Ushauri wangu ni kuliacha bomba kabisa katika sehemu ya hewani. Vuteni kamba ya waya ya chuma kisichoshika kutu, kisha ning'inizeni juu yake kebo ya deraya yenye gamba jeusi, ile ambayo nyaya zake za shaba zimezungukwa na nyuzi za chuma. Vishikizo navyo viwe vya chuma cha aina hiyo hiyo, vilivyovikwa plastiki, kwa sababu vile vya plastiki tupu hukauka juani na kukatika.

Msiikaze kamba hiyo kama uzi wa gambusi. Mvuto wake hupatikana kwa kuzidisha uzito wa mita moja kwa mraba wa umbali, kisha kugawanya kwa mara nane ya mteremko wa katikati, yaani kiasi ambacho kamba inashuka chini ya usawa wa ncha zake. Tuseme kila kitu kina uzito wa kilo 1.5 kwa mita: mkiacha mteremko wa sentimita 45, kila ncha itavutwa kwa nguvu ya kilo 135, mkiupunguza hadi sentimita 20 ili kazi ipendeze macho, mvuto utapita kilo 300, na hapo upepo wa kusi haujahesabiwa. Kamba itavumilia. Ukuta wa mawe ya matumbawe ndio wenye mashaka, kwa hiyo bolti ipenye ukuta mzima na ishikwe kwa bamba la chuma upande wa pili.

Upande wa ghala, msifunge chochote kwenye boriti za paa. Simikeni nguzo ya chuma kando ya jengo, na kebo ishuke kwenye nguzo hiyo na kuingia kupitia ukutani, mbali na makuti, kwa kuwa makuti na mbata iliyojaa mafuta havihitaji cheche nyingi. Kabla ya kuingia ukutani, kebo ipindwe kwanza kuelekea chini ili maji ya masika yadondoke hapo nje badala ya kuifuata hadi kwenye swichi.

Mwongozo niliokwisha kuutaja unataka kimo cha mita 5.8 kutoka ardhini mahali magari yanapovuka, nazo hupimwa katikati, pale kebo inaposhuka zaidi. Kwa mteremko wa sentimita 45, ncha ziwe juu ya mita 6.25. Kama kuta zenu ni fupi, nguzo zitahitajika pande zote mbili. Kamba na deraya ziunganishwe na waya wa ardhi, na kazi yote ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA.

Nyaya za kamera zisichanganywe na za umeme. Kwa kuwa majengo ni mawili na radi hupiga, tumieni kebo ya faiba isiyo na chuma ndani yake cha kupitisha umeme wa radi, ambayo inaweza kuning'inia kwenye kamba hiyo hiyo kwa vishikizo vyake yenyewe.