Milimita 6 ni za tabaka, si za ubao mzima

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina karakana ya samani na nataka kuanza kuagiza plaiwudi ya milimita 3 kwa ajili ya migongo ya kabati na vitako vya droo. Kwenye takwimu za biashara ya kimataifa nimekuta "plaiwudi ya mbao, kila karatasi isiyozidi milimita 6", na biashara yake ni kubwa mno. Nikasema kumbe nyembamba ndiyo inayokimbia sokoni! Lakini nchi niliyoifuatilia kwa namba ya forodha 441232 iliuza vizuri hadi 2016, kisha ikawa sifuri. Viwanda vilifungwa?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Pesa usitume kwanza. Hizo milimita 6 si unene wa ubao. Ni unene wa kila tabaka lililomenywa kwenye gogo kabla ya kugundishwa na mengine. Chukua plaiwudi ya milimita 18 ya mbetula (birch, mti wa nchi za baridi), pangusa ukingo wake kwa kitambaa kilicholowa, mistari itajitokeza. Hesabu: matabaka 13, kila moja kama milimita 1.4. Ubao huo wa kubebwa na watu wawili, forodhani unakaa fungu moja na wako wa milimita 3, yaani lile la namba zinazoanza na 4412. Basi jumla uliyoiona imebeba na plaiwudi za kumwagia zege na za sakafu za makontena. Nyembamba haiwezi kuonekana humo peke yake.

Nalisema hili kwa uchungu. Nilipoanza kuandaa nyaraka za mizigo, niliusoma mstari huo kama ulivyousoma wewe, nikautoa mzigo wa milimita 18 kwenye fungu lake. Kontena likazuiwa bandarini, gharama zikapanda kila siku, na mwenye mali alikuwa mtu wa mtaji mdogo.

Kuhusu ile sifuri, hakuna kiwanda kilichofungwa. Namba 441232 ilifutwa kwenye toleo la 2017 la mfumo wa namba za forodha, ikagawanywa. Mbetula, mwaloni, mpopla, mkaratusi na wenzao waliotajwa kwa majina wakaenda 441233. Miti mingine ya majani mapana ambayo haikutajwa ikaenda 441234. Zijumlishe hizo mbili kuanzia 2017, utaona mstari wako unaendelea. Plaiwudi yenye uso wa mti wa kitropiki ina namba yake, 441231, na ya misonobari 441239.

Sasa mwelekeo wa soko. Hapa ndipo wengi wanapopotea, maana mbao hubadili mlango. Umoja wa Ulaya uliiwekea plaiwudi ya mbetula ya Urusi ushuru wa ziada mwaka 2021, kisha vikwazo vya vita vikaifungia kabisa mwaka 2022. Baada ya hapo mbetula ikaanza kuingia Ulaya kwa wingi kutoka Kazakhstan na Uturuki, na Mei 2024 ushuru ule ukasogezwa hadi kwa nchi hizo. Aliyetazama takwimu za nchi moja tu angesema Kazakhstan imezaa misitu mipya! Ukiona muuzaji ameibuka ghafla, angalia nani amepungua upande wa pili, na uangalie mita za ujazo kabla ya dola, maana bei ikipanda thamani hupanda hata kama mzigo ni ule ule.

Tukirudi kwenye shida yako: nukuu za bei utakazopewa zitakuwa kwa mita ya ujazo. Karatasi ya milimita 1220 kwa 2440, unene 3, ina mita za ujazo 0.00893, kwa hiyo mita moja ya ujazo ni karibu karatasi 112. Lakini muulize muuzaji unene baada ya kupigwa msasa, aandike kwenye ankara. Inayoitwa 3 mara nyingi hupimwa 2.7, na kwa 2.7 karatasi zingekuwa 124. Ukilipia 112 ukapokea nyembamba hizo, umelipia mbao ambazo hazimo kwenye kontena.