Usipite kwa ndugu wakati wa kwenda! (Jibu kwa mleta uzi wa safari ya Singida)

Mkuu, salamu baadaye. Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye foleni ya benki hapa Dodoma, uvumilivu ukanishinda, nimetoka nje nimekaa chini ya mwarobaini naandika kwa kidole kimoja. Namba yangu ni 51. Ikinipita, deni ni lako.

Kwa wanaoingia sasa hivi bila kusoma juu: jamaa anatoka Dar na Spacio, ndani kuna mama mzazi, mke na watoto watatu. Mkutano wa ukoo uko Singida Jumamosi saa nne asubuhi, wiki ya Krismasi. Mpango wake ni kuondoka Ijumaa alfajiri, chai kwa mjomba Morogoro, kumsalimia shemeji Gairo, kulala kwa ba'mdogo Dodoma, halafu Jumamosi asubuhi "mara moja tu" aingie kwa mama mkubwa, kilomita sita ndani kutoka Bahi, kisha saa nne awe ameshakaa kwenye kiti Singida. Anauliza kama Spacio itafaa, guest gani nzuri Dodoma endapo kwa ba'mdogo kutajaa, abebe zawadi gani, na kama ni bora wapande treni.

Nilipofika kwenye "mara moja tu" na "Bahi" katika sentensi moja, nilishika kichwa. Maana hayo maneno mawili yamenigharimu mimi milioni moja na nusu na ushee, na hiyo ni ile sehemu ya hasara inayohesabika kwa pesa.

Sikiliza. Desemba ya mwaka juzi ukoo wetu ulikutana Manyoni. Mimi naishi Dodoma, kwa hiyo kwangu ilikuwa safari ya kilomita mia na ishirini na kitu, lami tupu, saa mbili hata ukiheshimu vibao vyote vya 50. Mkutano saa sita mchana. Nilikabidhiwa vitu viwili vya kupeleka. Cha kwanza, masufuria mawili makubwa ya kukodi, yale ambayo mtoto wa darasa la pili anaweza kuogea ndani. Cha pili, babu yetu mdogo, miaka 87, wa mwisho kubaki hai katika wale ndugu saba. Mkutano wenyewe uliitishwa kwa ajili yake. Yeye ndiye aliyekuwa anajua makaburi yaliyo chini ya mkwaju kule kwenye boma la zamani, lipi ni la nani, maana hayana msalaba wala jina. Alitakiwa atembezwe pale mbele ya watu wote aonyeshe kwa fimbo, vijana waandike, tujengee.

Kwa maneno mengine, nilibeba mgeni rasmi pamoja na jiko lake. Gari lilikuwa Noah ya shemeji yangu. Likumbuke hilo neno, shemeji.

Ijumaa usiku shangazi ananipigia. Anakaa kijijini, upande wa Bahi. "Nimesikia unapita na baba mdogo. Apite mbele ya nyumba yangu bila kunywa hata maji?" Nikamwambia shangazi, tunawahi. Akanyamaza. Wewe unajua shangazi akinyamaza. Nikasema basi, nusu saa.

Sasa hapa ndipo anapoingia yule mtu. Nilimpigia binamu yangu, mtoto wa huyo shangazi, nikamuuliza hali ya barabara. Nanukuu, maana nayakumbuka kama aya ya Kipaimara: "Njoo tu, greda limepita, hata Vitz inafika mlangoni." Greda lilikuwa limepita kweli. Lilipita mwezi wa saba! Jitu zima lina watoto wanne linaniambia habari za mwezi wa saba tarehe 27 Desemba! Na nilipomuuliza ni umbali gani akasema "hapo tu". Wakuu, kwetu huku "hapo tu" ni kipimo cha mtu aliyezoea kutembea na ng'ombe tangu alfajiri. Kilomita nane ni hapo tu. Nzega ni hapo tu. Mbinguni nadhani ni hapo mbele kidogo ukivuka korongo.

Asiyeijua Bahi nimweleze, kwa sababu watu wa Dar mnaiona ni stendi ya kununua maji. Bahi iko chini, ni bonde. Wanalima mpunga, na mpunga haulimwi jangwani. Mto Bubu unashusha maji kutoka upande wa Kondoa unakuja kuyamwaga kwenye bwawa la Bahi, kwa hiyo unaweza kuona jua linawaka, anga jeupe, na bado maji yakakujia ya mvua iliyonyesha kwa watu wengine kabisa. Na udongo wake ni wa mbuga, ule mweusi. Ukiwa mkavu umepasuka nyufa, gari linapita kama mezani. Ukilowa unanata kwenye tairi mpaka tairi linakuwa duara la tope tu, halina meno, linazunguka mahali pamoja. Mvua zetu za mwaka ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba mwishoni au Desemba mpaka Aprili. Yaani wewe umechagua wiki ileile.

Tulifika kwa shangazi saa tatu na nusu. Kweli barabara ilikuwa kavu, nikampigia binamu saluti. Kuku alikuwa bado anatembea uani.

Nilivyomwona yule kuku anatembea ningejua. Mgeni aliyeahidiwa hapewi chai ya mkono mmoja. Mzee ameketishwa kwenye kiti cha kamba, majirani wanakuja mmoja mmoja kumwamkia, kila mmoja na salamu zake ndefu, "mbukwenyi" haiishi mdomoni, hali ya ng'ombe, hali ya wajukuu, hali ya aliyefariki na aliyezaliwa. Mimi natazama saa, shangazi ananitazama ninavyotazama saa. Ugali wa uwele ukafika saa sita kasorobo, na mlenda, na yule kuku. Ukikataa unakuwa umemtukana. Ukila umechelewa. Nikala (na nikaongeza, siwezi kuwadanganya, shangazi anajua kupika).

Mvua ilianza tukiwa tunanawa.

Tuliondoka saa saba kasoro. Kilomita ya tatu Noah ikateleza ubavu ikaingia mtaroni. Na hapa nikafanya kosa ndani ya kosa: nikakanyaga mafuta. Gari ni ya otomatiki, tairi zinazunguka, mimi naongeza, narudisha rivasi, naweka mbele, rivasi, mbele, kama nusu saa hivi, mpaka nikasikia harufu ya kuungua nikadhani kuna mtu anachoma mkaa jirani. Hakukuwa na mkaa. Ile ilikuwa gia boksi ya shemeji.

Akaja kijana na pawatila, elfu arobaini, taslimu kabla hajafunga kamba. Ikavuta, ikavuta, ikazama yenyewe. Sasa tukawa wawili. Elfu arobaini haikurudi. Trekta lilipatikana saa moja usiku, mwenyewe akaanza na laki mbili, tukamalizana laki na ishirini, lakini mvua ikazidi akasema haingii gizani mpaka kukuche. Nikiwa kwenye tope mpaka magotini simu zinaingia kutoka Manyoni: mchele umeoshwa, masufuria yako wapi? Watu kama mia na arobaini. Wakaishia kupika kwa sufuria za kuazima nyumba kwa nyumba, pilau likatoka kwa mafungu, fungu la kwanza saa kumi jioni na la mwisho giza limeingia. Mpaka leo kwenye ukoo naitwa Sufuria. Mtoto wa dada yangu amezaliwa juzi tu na tayari ananiita mjomba Sufuria.

Lakini hilo la sufuria nacheka nanyi. Lisilochekesha ni usiku ule.

Tulilala ndani ya gari, mimi, mke wangu, dada yangu na mzee. Tulimfunika makoti yote na khanga tatu. Na mzee akaanza kusimulia. Alianza na baba yake alivyohamia Manyoni, akaja kwa wale ndugu saba mmojammoja, akaja kwenye mkwaju, wa kwanza kulia ni nani, aliyelala miguuni pake ni nani na kwa nini. Yote. Yale aliyotakiwa kuyasema mbele ya watu mia na arobaini aliyasema gizani kwa watu wawili watatu wenye njaa ya usingizi. Simu ya mke wangu imezima. Ya dada tunaitumia kama tochi. Yangu ilikuwa na chaji asilimia kumi na nne, na mimi nilikuwa nje ya gari naimalizia kumtukana binamu.

Tulifika Manyoni Jumapili saa tano. Maturubai yanakunjwa. Wa Mwanza na Tabora wameshapanda mabasi, kazi Jumatatu. Mzee miguu ilikuwa imekaza kwa baridi, hakuweza kutembea mpaka kwenye mkwaju. Tukasema mwakani. Aprili akatangulia.

Makaburi mawili tumeyajenga. Matatu tunabishana hadi leo, na kila upande una shahidi aliyesikia kwa mtu.

Gia boksi ya mtumba na fundi ilikula milioni moja, laki tano na nusu. Shemeji alisema "usijali". Tangu siku hiyo hajaniazima hata pampu ya baiskeli.

Kwa hiyo mkuu, mengine yote unaweza kuyapuuza ila hili shika: KWENDA NI KWENDA. Ndugu wote wa njiani ni wa kurudi. Wote. Hata yule ambaye geti lake limepakana na lami. Ukienda, una saa moja tu ya watu wote wanaokusubiri, na kila ndugu unayepita kwake anakata kipande bila kujua, maana kwake yeye ni wewe pekee uliyechelewa nusu saa. Ukirudi hakuna anayekusubiri. Ukikwama Bahi siku ya kurudi umekwama na ndugu zako, kuna kuku, kuna mlenda, ni likizo.

Najua utasema "mama atajisikia vibaya kumpita kaka yake Morogoro". Ndiyo maana unapiga simu kabla, leo, siyo ukiwa Chalinze. Unampa mjomba siku: "Jumatatu mchana tuko kwako, tunalala." Usiseme "tukipata nafasi", hilo neno ndilo linalowafanya wakae getini kutwa nzima na kuku amefungwa mguu. Na mama mkubwa wa Bahi mwambie akutane nanyi barabarani, bodaboda imtoe mpaka lamini, mpande naye gari moja mpaka Singida. Kwani yeye si wa ukoo? Mbona kwenye mpango wako yeye ni kituo tu?

Halafu hesabu yako ya saa, mkuu, ulifanya na nani? Dodoma hadi Singida ni kama kilomita 240, kuna kupanda Saranda kabla ya Manyoni nyuma ya malori, kuna vijiji kila baada ya muda na tochi za trafiki, kosa moja elfu thelathini. Hata bila mama mkubwa ilibidi uondoke saa kumi na moja alfajiri. Na Ijumaa ya Krismasi kutoka Dar mpaka Chalinze utakuwa na nchi nzima barabarani, maana wa Moshi na Arusha nao wanapita hapohapo kabla ya kukata kulia. Hiyo chai ya Morogoro utainywa mchana.

Treni, hilo umeuliza vizuri kidogo. Mpandishe mama na hao watoto SGR mpaka Dodoma, ni saa tatu na kitu, wewe na mkeo mje na gari jepesi. Mgongo wa mama utakushukuru. Spacio kwenye lami haina shida, ila watu sita na mabegi na zawadi, utakuwa unaburuza tumbo kwenye kila tuta. Zawadi sijui, sukari na khanga hazijawahi kumkera mtu. Kama ulifikiria zabibu za Dodoma, msimu wake ni Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, Desemba usizitegemee.

Na kama kuna mzee kwenye gari lako, simu iwe na chaji.

Guest nitakuandikia nikitulia. Ngoja kwanza, mlinzi anaita 64.