Gereji ya Wasomaji: Puli ndogo, mlio wa kugonga na karatasi ya daino

SWALI: Nina Toyota MR2 ya 1988, injini 4A-GZE yenye supachaja (pampu ya mkanda inayosukumia injini hewa). Fundi kanifungia puli ndogo (gurudumu la mkanda) ya supachaja, na kweli huku chini gari linaruka. Likifika mizunguko 5,500 linashikwa na kukohoa, na jua likiwa kali nasikia mlio wa kugonga. Mmoja ananiambia ninunue nozeli kubwa za kunyunyizia petroli, mwingine pampu ya petroli. Nianzie wapi? – Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue kitu kwanza. Na usikanyage mafuta mpaka chini tena hadi mlio huo uishe. Ule mlio wa kokoto ndani ya kopo la bati ni petroli inayojilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujaimaliza, na ukiiachia hivyo huku supachaja inasukuma, muda mfupi tu unatosha kuvunja ringi au kutoboa pistoni.

Puli ndogo imefanya kazi yake: inazungusha supachaja kasi zaidi. Lakini hewa iliyokandamizwa inachemka. Chukua hewa ya Tanga ya nyuzi 32, ikandamize kwa bar 0.6 kwa supachaja ya aina ya Roots kama hiyo yako, na kabla haijafika kwenye intakula (kipozeo cha hewa hiyo) inakaribia nyuzi 110. Kumbuka pia oktani, yaani uwezo wa petroli kuvumilia kugonga: presha ikiongezwa, oktani nayo inatakiwa iwe ya juu. Ukijaza petroli ya oktani 95 au chini ya hapo huku taimingi (wakati plagi inapowasha moto) ikiwa ileile, kugonga hakushangazi.

Sasa kushikwa. Funga geji ya presha ya supachaja na sensa ya oksijeni ya masafa mapana (inayosoma uwiano wa hewa na petroli), kisha uzitazame zote mbili gari likiwa kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari), si barabara ya Segera penye malori. Presha ikishuka kadiri mizunguko inavyopanda, mkanda unateleza au filta imeziba. Mkanda unaoteleza unang'aa upande wa ndani na kuacha unga mweusi kwenye kava. Presha ikitulia lakini injini ikirukaruka, moto wa plagi unazimwa na hewa nzito: punguza uwazi wa plagi hadi milimita 0.7 au 0.8, na panda hatua moja kwenye plagi baridi zaidi, yaani inayotoa joto upesi. Kwa NGK na Denso namba ikipanda plagi ni baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume, na hapo wengi hukosea dukani.

La tatu ndilo la hatari. Ukiwa umekanyaga mpaka chini unataka sehemu 11.5 hadi 12 za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Ikipita 12.5, achia mafuta mara moja: petroli haitoshi. Hata hapo nozeli isihukumiwe kwanza. Funga geji kwenye njia ya petroli, washa injini, chomoa mpira mwembamba wa regyuleta (kidhibiti cha presha ya petroli) na usome presha. Kisha chukua pampu ya baiskeli yenye geji (Tanga hii haikosekani), uibane kwenye tundu la regyuleta na usukume bar 0.5. Presha ya petroli lazima ipande bar 0.5 ileile. Isipopanda, regyuleta imekufa. Ikipanda, kagua ule mpira, maana mara nyingi umepasuka. Zote zikiwa nzima na presha bado inaanguka gari likivuta, tafuta filta ya petroli na pampu. Nozeli ni za mwisho, zikibaki wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda.

Jambo moja la gari hili: kipimo chake cha hewa ni cha kibao kinachosukumwa na hewa inayoingia. Kibao kikishafunguka chote, kontroli boksi (kompyuta ya injini) haioni tena hewa inayozidi, kwa hiyo haiongezi petroli. Ukithibitisha hivyo, rudisha puli ya kiwandani au funga kontroli boksi ya kupangika. Katikati ya hayo mawili hatuoni njia. Chomoa plagi zote pia: vijidoa vinavyong'aa kama vumbi la alumini kwenye kauri nyeupe maana yake pistoni imeshaanza kuliwa. Pima kompresheni kabla ya lingine lolote.

SWALI: Gari hilohilo nimelipima kwenye daino mbili. Moja ilisema nguvu za farasi 131, nyingine 118. Ipi inadanganya?

JIBU: Huenda hakuna. Kwanza, karatasi imeandikwa SAE, DIN (viwango vya kusahihisha matokeo) au bila kusahihishwa? Kila moja ina hesabu yake ya joto na presha ya hewa. Halafu upepo wa matairi, ukazaji wa mikanda ya kufungia gari, na gia: tumia gia iliyo karibu na 1:1, ileile kila safari. Kiwandani injini yako ilihesabiwa 145 kwenye shafti ya injini, hivyo 118 au 131 kwenye matairi zote zinaaminika.

Kosa kubwa ni feni. MR2 ina rejeta mbele, lakini injini na intakula ziko nyuma, na intakula inavuta hewa kupitia boneti ya nyuma. Feni moja mbele haiipozi. Weka ya pili juu ya boneti hiyo, subiri oili ifike nyuzi 80, piga raundi tatu ukipumzisha injini katikati. Ya tatu ikishuka sana kuliko ya kwanza, ulipima joto, si nguvu. Ukibadilisha kitu, pima kabla na baada kwenye daino ileile, siku ileile.

SWALI: Nikitoa filta ya hewa nitaongeza nguvu? – Msomaji, Pongwe

JIBU: Kwa vumbi la Pongwe? Hapana. Mapengo kati ya rota zinazozunguka ndani ya supachaja ni membamba sana, na vumbi linazisugua. Fungua filta kila ukibadilisha oili, na usisahau kuwa supachaja hii ina oili yake yenyewe, tofauti na ya injini, na stiki yake ya kupimia.