Kiingereza cha mbele ya darasa ni kazi ya mdomo

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, siku ya kwanza niliyowasilisha mada kwa Kiingereza niliichana karatasi yangu mwenyewe. Mikono ilitetemeka, nikaikaza, ikachanika katikati.

Na mada ilikuwa kilimo cha mwani! Mimi mtoto wa Paje, pwani ya Unguja, nimefunga taitai, vile vikamba vya mwani, tangu sijaanza skuli. Mhadhiri akaniuliza kwa nini kina mama hawahamishii kotonii, aina mojawapo ya mwani, maji ya kina, maana pwani kuna joto na mwani huo unakufa. Jawabu ninalo: wengi hawajui kuogelea na vyombo hawana. Kwa Kiingereza halikuja hata neno. Nikajibu "yes". Darasa zima likacheka.

Usiku nikawaza: mbona madrasa nilisoma kaswida kwa Kiarabu, lugha nisiyoizungumza, mbele ya umati wa maulidi, na sikutetemeka? Kule tulidurusu kwa sauti wiki nzima, ustadhi anasahihisha. Kiingereza tunakisoma kwa macho, halafu siku ya siku tunataka mdomo ukitoe.

Basi dursuni kwa sauti. Mimi nilikwenda ufukweni maji yakitoka, nikazungumza na ngalawa. Mwenzio akikusikiliza na kukukatiza kwa masuali ni bora zaidi. Ila usihifadhi yote. Kaswida ukipotea wenzio wanakupokea; pale mbele hakuna wa kukupokea. Hifadhi sentensi tatu za mwanzo, maana kiwewe kikubwa ni cha dakika ile ya kwanza. Yaliyobaki yatie kwa neno moja moja kwenye kikadi kigumu (mnajua kwa nini). Slaidi nazo, maneno machache.

Matamshi yasikutishe. Anayetamka "thelathini" na "dhahabu" sawasawa ameshazipata sauti mbili zinazowatoa jasho wageni wengi wa Kiingereza.

Masuali ndiyo yenye moto. Mwombe aliyeuliza arudie, kisha lirudie suali kwa maneno yako. Hapo umepata pumzi. Ukikosa neno, eleza kitu chenyewe. Mara ya pili sikujua taitai inaitwaje, nikasema ni kamba ndogo inayofunga mwani kwenye kamba kubwa, na mhadhiri akaitikia kwa kichwa. Miezi baadaye nikasoma ripoti ya Kiingereza juu ya mwani wetu. Wameiandika "tie-tie".